Waliokunywa Kiapo

Mume wangu Oddgeir alipoweka mkono juu ya bangili ya kiapo, nilidhani anataka kumshukuru Freyr, mungu wa mavuno, kwa nyasi za mwaka ule, maana ndivyo afanyavyo kila tambiko la kuingia majira ya baridi. Kumbe wapi. Akainua pembe ya kunywea, akautazama mlima, akasema mbele ya watu wote kwamba atamshusha Flekka kutoka huko juu kabla ya Yule, sikukuu ya katikati ya majira ya baridi, na Thor awe shahidi wake. Nilitamani nimtandike na ile pembe.

Flekka ni kondoo wetu kiongozi. Kondoo wa ukoo wake huzaliwa na akili zao. Hunusa dhoruba kabla redio haijatangaza, na kundi zima humfuata kwenye theluji bila kubisha. Wakati wa kuwashusha kondoo wa bonde zima hakuonekana, yeye na majike wawili. Oddgeir alimlea kwa chupa jikoni kwangu, mpaka zulia langu likaharibika, kwa hiyo uchungu wake naujua. Lakini daktari wa moyo kule Akureyri alishamwambia waziwazi kwamba habari za mlima zimekwisha. Huyu ni mtu anayesimama kuhema katikati ya ngazi za ghala la nyasi, halafu anajifanya anakagua paa.

Sisi tunaoshika miungu ya zamani hatuna kitabu kitakatifu wala hesabu ya dhambi. Tuna neno. Neno likisemwa juu ya pembe huanguka katika kisima kilicho chini ya mti unaobeba dunia, na hakuna anayelichota tena. Ndiyo maana pembe huzungushwa. Ukikubali ulichosikia, unakunywa. Ukikataa, unamwaga chini na kusema sababu, na kiapo kinafia palepale kabla bangili haijarudi kwa kuhani. Mwaka mmoja jirani yetu Ásmundur aliapa kuacha sigara, tukamwaga karibu wote, tukacheka mpaka machozi, na yeye mwenyewe akacheka huku akipapasa kiberiti mfukoni.

Siku ile hakuna aliyemwaga. Upepo ulikuwa unakata masikio, na supu ya kondoo ilikuwa inatungoja katika gereji ya Dagrún, kuhani wetu. Tena kila mtu alijua moyo wa Oddgeir ulivyo, na kila mtu alidhani mkewe ndiye atakayemwaga. Mkewe ndiye mimi, Hallbera, na nilikuwa wa mwisho kwenye duara. Nilikuwa nimefura hata sikuona vizuri. Pembe iliponifikia niliibugia ile soda ya kimea yote, tone la mwisho, nikamrudishia Dagrún pamoja na bangili. Ilipofika mkononi mwake ndipo akili ikanirudia, na nikaona nimefanya nini.

Basi nyumbani hapakukalika. Oddgeir alianza kupaka buti zake mafuta. Nikimlilia, anajibu kwa upole, na upole wake ndio unaoniudhi kuliko kelele. Alisema ameshatoa neno, na kwamba mtu anayevunja kiapo cha bangili anaivunjia nyumba yake bahati, na hatakuwa na uso wa kusimama kwenye duara. Nikamwambia maiti nayo haisimami kwenye duara. Akasema, "Ya Thor mwachie Thor, mama," akaendelea na buti.

Binamu yake Sighvatur, mchungaji wa kanisa la Kilutheri, alikuja kunywa kahawa akamtania kwamba kwao mtu hutubu tu, akala keki, yakaisha. Oddgeir akamjibu kwamba ndiyo maana trela aliyoazima tangu kiangazi haijaonekana mpaka leo. Wakacheka. Mimi sikucheka. Nusura nimwombe Sighvatur ambatize mume wangu hapohapo kwenye sinki la vyombo.

Theluji ya kwanza ilipotua mlimani nilipanda gari nikaenda kwa Dagrún. Yeye ni dereva wa basi la shule. Nilimkuta uani anaosha matope ya magurudumu. Sikumsalimu vizuri hata kidogo. Nilimwambia yeye ndiye kuhani, amfungue mume wangu kiapo, la sivyo atakuja kumtambikia kaburini.

Dagrún alifunga maji. Akasema hana uwezo huo. Kuhani kwetu ni mwenye kushika bangili tu, hafungi wala hafungui, na hakuna mtu duniani anayeweza kutoa neno kisimani. Nikakaa kwenye ngazi ya basi nikalia kwa sauti, mimi ambaye sikulia hata siku ya kumzika mama.

Aliniacha nilie. Halafu akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya samaki, "Pembe ilipokufikia, ulimwaga?"

"Ningemwaga tungekuwa hapa? Nilikunywa. Yote."

"Na Ásmundur je? Na mimi?"

Nikasema wote walikunywa, niliwaona.

"Basi Hallbera, unalilia nini? Kiapo alikisema Oddgeir, lakini tulikinywa sote. Aliyekunywa neno amelibeba. Hakuna mahali paliposemwa alibebe mwenye moyo mbovu peke yake."

Nilimtazama. Nikafuta machozi kwa mkono wa koti, nikasimama. Halafu nikakasirika tena, safari hii kwa raha, nikamuuliza mbona hakusema mapema. Akasema alikuwa anangoja nikumbuke kwamba hata mdomo wangu mwenyewe ulikunywa.

Jumamosi walikuja wote waliokuwa kwenye duara, na mbwa wao, na kahawa kwenye chupa za chai. Kumshawishi Oddgeir abaki chini ndiyo ilikuwa kazi. Alisimama mlangoni na buti zake zinazong'aa, akasema hataki kubebwa kama gunia la viazi. Dagrún akamwambia sehemu yake ni lango la zizi. Alishike, asiliache mpaka turudi.

"Lango hata kuku anaweza kulifungua," Oddgeir akasema.

"Sawa. Basi njoo umwambie Thor mbele yetu kwamba hukumtaka Flekka, ulitaka sifa."

Oddgeir aliangalia buti zake kwa muda mrefu, kisha akaenda langoni.

Kabla ya kupanda, Dagrún aliacha siagi kidogo juu ya jiwe kwa ajili ya wenye nchi wasioonekana, tukapita kwa adabu. Mteremko ulikuwa umeganda. Kila hatua theluji ilinishika magotini, na mimi ninayebeba marobota ya nyasi kutwa nilifika mahali nikashindwa hata kumtukana mbwa. Nikainama nimeshika mapaja, nasikia moyo wangu unagonga, nikajua kabisa kwamba ni hapa. Ni hapa angeangukia, na hakuna ambaye angemkuta kabla ya theluji kuyeyuka. Lakini hakuwa hapa. Alikuwa chini, kidoa kidogo chenye kofia nyekundu kando ya lango. Nikaanza kucheka peke yangu, machozi yananigandia mashavuni, na Ásmundur akaniuliza kama nimerukwa na akili.

Mbwa wake ndiye aliyewapata, wamejibanza chini ya mwamba, wamekonda, wazima. Flekka alitutazama kana kwamba sisi ndio tuliopotea. Akatupita, akaanza kuteremka mbele, na majike wawili nyuma yake, na sisi nyuma yao, tukikanyaga alipokanyaga.

Tulipofika langoni Oddgeir alikuwa bado amesimama palepale, pua imekuwa bluu. Jirani mmoja aliyebaki chini aliniambia alikataa hata kuingia ndani kunywa kahawa. Alifungua lango. Flekka akasimama ghafla. Tulimsukuma, akakwepa. Ásmundur akamvuta pembe, akapigwa teke. Tayari Flekka alikuwa ameugeuza uso kuelekea mlimani, na majike wakageuka naye, na hakuna miongoni mwetu aliyekuwa na mguu wa kupanda tena.

Oddgeir hakukimbia. Hakutoka hata kwenye lango lake. Aliita tu jina lake kwa sauti ya chini, ile ya jikoni, ya chupa ya maziwa.

Flekka akageuka. Akatupita wote kwa dharau, akaingia, akamsukumia Oddgeir kichwa tumboni, na majike wakaingia nyuma yake. Oddgeir alifunga lango, akaweka komeo, akabaki ameegemea mbao. Nilimfuata nikamshika. Alikuwa wa baridi kama bomba la uani, lakini mkono wangu ulisikia moyo wake ukigonga chini ya sweta, polepole, vizuri.

Dagrún alileta bangili kwenye gereji, tukaigusa wote pamoja, akatamka kwamba kiapo kimetimia. Supu ikaanza kugawiwa na pembe ikazunguka. Ilipomfikia Oddgeir, aliinyanyua, akavuta pumzi, na watu wote tukaacha vijiko tukamkodolea macho.

"Nashukuru tu," akasema, akanywa, akanipa mimi.

Nilimwuliza kama amemaliza kabisa, hana neno jingine. Akaapa hana. Nikamwambia asiape. Ndipo nikanywa.