Tundu la Kuingizia Gitaa

Zamani za maduka ya ushirika, mtu wa Singida hakuijua taabu ya kuchagua. Ulikuta sabuni ya aina moja, ukashukuru, ukaenda zako. Kisha biashara ikafunguliwa, bidhaa zikamiminika kutoka kila pembe ya dunia, na sisi tukabaki tumetumbua macho mbele ya rafu, tukichagua vitu kwa kuhesabu rangi na vitufe. Damari hakuwa wa kundi hilo, wala hakuona haya kulisema.

Ndiyo maana Jumamosi moja ya mwaka 2003 aliingia dukani kwa Rahimu, muuza kompyuta wa mjini, akiwa ameongozana na wanaume wawili, mmoja amebeba gitaa. Wa pili, Fabiano, mwenyekiti wa kwaya, alikuwa amemwambia njiani kwamba kadi ya kompyuta hununuliwa kwa kuitazama. Damari akamjibu kwamba hata kuku hanunuliwi kabla ya kushikwa kidari.

Kwaya yao ya Unyambwa ilikuwa tayari na kompyuta, ile ya ofisi ya kanisa ambako Damari alikuwa karani. Kilichopungua ni kadi ya sauti, kile kibao kinachopachikwa tumboni mwa kompyuta ili ipokee sauti ya gitaa au kinanda na kuihifadhi. Damari ndiye aliyeishawishi kamati kwamba kwaya ijirekodi yenyewe. Alikuwa na sababu moja tu, nayo ilikuwa imesimama nyuma yake ikiwa imekumbatia gitaa.

Mzee Yeremia alikuwa amepiga gitaa la solo kwenye kwaya ile kwa miaka ishirini na miwili. Miaka miwili nyuma, kwaya ilisafiri kwenda kurekodi kanda kwenye studio ya mbali. Kijana wa mitambo alimtazama mzee, akamwambia, "Mzee wangu, pumzika hapo nje, gitaa nitaliweka mimi kwa kinanda." Yeremia akashinda kwenye benchi, gitaa magotini. Kanda ilipotoka, watu wa Unyambwa wakamuuliza kama siku ile alikuwa anaumwa. Hawakukusudia kumchoma, lakini swali lile lilimchoma. Tangu hapo alipiga kwa unyonge, na juzi alimwambia Damari kwamba safari hii asiposikika, gitaa analiweka chini moja kwa moja. Damari alijifunza kuimba akilifuata gitaa lile. Hakuwa tayari kuliona linawekwa chini kwa sababu ya kibao cha dukani.

"Shikamoo mzee," Rahimu alisema.

"Marahaba, mwanangu."

Rahimu akaweka kadi mbili mezani. Ya kwanza ilikuwa kwenye boksi linalong'aa, na ubavuni ilikuwa na matundu matano, kila moja na rangi yake. Ya pili ilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni, imeunganishwa kwa waya na kisanduku cheusi chenye vumbi, matundu mawili mapana na vitufe viwili vya kuzungusha.

"Dada, hiyo ya pili nakuonyesha tu kwa kuwa umeuliza," Rahimu alisema. "Ni mbovu. Nimeipigia muziki, sauti ikatoka kidogo kama ya mgonjwa. Ina mwaka hapo juu."

"Na hii ya rangi?"

Badala ya kujibu, Rahimu akaipachika kwenye kompyuta ya duka, akafungulia muziki. Vioo vya kabati vikatetemeka na wapita njia wakageuza shingo. Fabiano akatabasamu kama mkulima aliyeona mvua ya kwanza. Akayahesabu matundu kwa kidole, akafika tano, akamgeukia Damari. "Kazi imekwisha. Mwenzake ana mangapi? Mawili. Turudi nyumbani."

Damari akacheka. "Mwenyekiti, katika hayo uliyoyahesabu, matatu ni ya kutolea sauti. Sisi tunataka kuingiza. Nani hapa ameshaijaribu kadi kwa kuingiza?"

Hakuna aliyekuwa ameijaribu hivyo. Ugonjwa wetu ndio huo. Tumelelewa na mikutano ya injili na spika zilizofungwa juu ya miti, basi kila chombo tunakipima kwa ukelele wake. Redio nzuri kwetu ni ile inayosikika hadi kwa jirani. Rahimu naye, pamoja na ujuzi wake wote, alikuwa ameipima kadi ya kurekodia kwa kuifanya ipige muziki.

Wakaanza na ile ya rangi. Jeki ya gitaa, ile ncha ya waya wake, nene kama kidole, ilikataa kuingia mpaka Rahimu alipotafuta kiunganishi. Yeremia akavaa spika za masikioni, akapiga uzi mmoja, akasubiri, akakunja uso.

"Linaitikia kama mtu uliyemwamsha," alisema. "Mimi nikishapita, ndiyo lenyewe linakuja."

Hata hivyo alipiga ubeti mmoja wa wimbo wao wa mavuno, Damari akaurekodi na kuurudisha. Gitaa lilisikika kwa mbali, limefunikwa na mvumo kama wa mashine ya kusaga. Yeremia akavua zile spika polepole, akaanza kuchomoa waya.

"Mwanangu, labda yule kijana wa studio alijua," alisema.

Damari alishikwa na hasira, si kwa mzee, bali kwa lile benchi alilokalishwa. "Kaa kwanza, baba. Hatujamaliza."

"Tumemaliza," Fabiano alisema. "Kamati haikututuma tununue kibovu."

"Hatujakinunua, tunakijaribu. Kikishindwa, nachukua hiyo yako ya rangi, na kesho nasimama mbele ya kamati nasema nilikosea." Alisema hivyo bila kupepesa macho, maana maandishi madogo ya kwenye kisanduku cheusi alikuwa ameshayasoma, na yalisema matundu yote mawili ni ya kuingizia.

Rahimu akaifungua kompyuta, akabadilisha kadi. Safari hii jeki iliingia na kutulia mahali pake. Damari akazungusha kitufe taratibu, akaanza kurekodi. Yeremia akapiga uzi mmoja, kisha mwingine, akainua nyusi: sauti ilikuwa pale pale na kidole. Hakungoja kuambiwa. Akauanza wimbo wa mavuno tangu mwanzo, akiinamia gitaa, na mguu wake ukaanza kugonga sakafu, jambo ambalo Damari hakuwa ameliona kwa miaka miwili. Kwenye ubeti wa pili kidole kidogo kiliteleza, uzi ukalia ovyo, naye akapita bila kugeuka nyuma.

"Sasa iunganishe na amplifaya yako," Damari alimwambia Rahimu. "Hii kadi si mbovu. Haina nguvu ya kusukuma spika peke yake, wala haikutengenezwa kwa kazi hiyo."

Rahimu akaunganisha, Damari akairudisha rekodi. Gitaa likajaa dukani, safi, kila uzi na mahali pake, hata mkwaruzo wa kucha ya mzee ukisikika. Yeremia alisikiliza amefumba macho, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo hakujisumbua kuificha. Ulipofika ubeti wa pili, uzi ukalia ovyo mbele ya watu wote.

"Hapo pasikusumbue, baba," Damari alisema. "Napafuta sasa hivi, tunarudia."

"Usipafute."

Damari akauacha mkono hewani.

"Kwenye ile kanda ya kwanza," Yeremia alisema taratibu, "sikukosea hata mahali pamoja."

Fabiano akaichukua ile kadi ya rangi, akairudisha kwenye boksi lake, akamkabidhi Rahimu.