Hasikie

Patricia alirudi kutoka shuleni akamkuta baba yake amekaa kwenye kiti chake jikoni, karibu na hita, amevaa gauni la hospitali. Akasema, "Hi, Papa," akachukua maziwa kwenye friji na kwenda chumbani. Mashavuni mwa baba huyo, Polycarpe, zilibaki alama za plasta, pale walipoubana mpira wa kupumulia.

Wakati huohuo Polycarpe alikuwa hospitalini, amelala, mashine ikimpumulia. Nimonia ilimwangusha kiwandani huko Lackawanna. Mkewe, Cibalonza, alikwisha kuujua utaratibu. Kila asubuhi wauguzi hupunguza dawa ya usingizi, wakamwambia afumbue macho, afinye mkono. Akifinya, wataanza kumwachisha mashine. Asipofinya, akaanza kurusha miguu na kuung'ang'ania mpira, dawa hupandishwa tena. Ikipandishwa, Polycarpe huja nyumbani. Huikata Grant Street miguu mitupu juu ya theluji, na wenye maduka humsalimia.

"Juu ya nini haufinyi mukono ya bale batu?" Cibalonza alimuuliza.

"Bananisemesha, mi sisikie. Bon, naogopa, najitetea."

Kiingereza cha Polycarpe kilikuwa cha kiwandani: boksi, breki, ovataimu. Hakuna aliyewahi kumfundisha kufinya.

Cibalonza akaenda hospitali. Saa za kuona wagonjwa huanza dawa ikiwa imekwisha kupandishwa, kwa hiyo kumsemesha yeye mwenyewe ilikuwa kazi bure. Patricia naye hakuruhusiwa kutafsiri, kwa kuwa ni mtoto. Wakaletewa simu, na ndani ya simu mkalimani, Mkenya mpole aitwaye Karimi, Kiswahili chake kimenyooka kama shati la kanisani. Daktari aliuliza mama anadhani kwa nini mgonjwa hafuati anachoambiwa.

"Juu hasikie," akasema Cibalonza. "Banamusemesha, lakini hasikie."

Kule Bukavu walikotoka, kusikia lugha ni kuielewa. Kwa kina Karimi, asiyesikia ni kiziwi. Karimi akatafsiri kwa uaminifu wote. Daktari alishukuru, akasikitika kwamba hakuambiwa mapema.

Juu ya kitanda wakabandika picha ya sikio lililokatwa mstari. Tangu hapo hakuna aliyejisumbua kumsemesha asubuhi. Walimgusa bega, akashtuka, wakapandisha dawa.

Polycarpe akaanza kuwahi kufika nyumbani, kisha akawa haondoki kabisa. Kifua chake kilipanda na kushuka kwa mwendo wa mashine, na mapazia yakaufuata mwendo huo, yakivutwa dirishani na kuachiliwa, ingawa dirisha lilikuwa limefungwa. Patricia akifanya hesabu za shule mezani, naye alipumua vivyo hivyo bila kujua. Cibalonza aliogopa. Si kwamba alimwogopa mumewe. Aliogopa kuzoea kuwa naye hivi, hadi siku moja asahau kwamba kuna kitanda kinachomngoja aamke.

Jumapili, walipotoka ibadani, alivuta kiti akakaa mbele yake na kumpa mkono.

"Papa Patricia, finya mukono yangu."

Alifinya mpaka pete ikamzamia mkewe kwenye nyama.

"Niangalie."

Akamwangalia, machozi yakamlengalenga. Cibalonza naye akalia kidogo, kisha akajifuta na kupiga simu hospitali. Wakamuunganisha na Karimi yuleyule.

"Amefinya mukono yangu," alisema. "Hapa ku nyumba. Nilimuambia, akasikia. Bamuambie tena, bamuambie na Kiswahili."

Karimi alitafsiri kila neno, hata hilo la kufinya nyumbani. Akasikiliza upande wa pili.

"Daktari anasema familia nyingi huona hivyo, mama, na anakupa pole. Anasema kiziwi hawezi kuambiwa kwa lugha yoyote. Lakini mgonjwa ametulia vizuri leo, kwa hiyo dawa wataiacha palepale."

"Ametulia, ndiyo," akasema Cibalonza, akimtazama. "Namuona."

Aliweka simu mezani. Sakafu ya jikoni ilikuwa baridi, akaenda kumtafutia soksi.