Sketi Aliyoifua Baba Yao

Walisema sketi ya karani imeonekana ikitembea sokoni, na ndani yake kuna mwanamume.

Nililisikia neno hilo asubuhi, kwenye foleni ya maji, kutoka kwa mwanamke ambaye hakujua kwamba mwanamume mwenyewe nilimzaa mimi. Alilisema kwa raha zake, kama mtu anayegawa karanga za moto. Wenzake wakacheka. Mmoja aliyenifahamu akamkanyaga mguu, naye badala ya kunyamaza akapaza sauti, "Kwani nimesema nini?" Ndoo yangu ilipojaa sikuweza kuinyanyua.

Nilifika na uvumi ule nyumbani, nikala nao, nikalala nao, nikaamka nao. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mimi nilijua halipo. Kilichonitisha ni ile nusu ya pili.

Sisi tulikuwa madobi. Baba yao alifua, mimi nilianika na kukunja, mwanangu alipiga pasi. Nguo ya mteja ikiingia kwetu, kabla haijagusa maji, baba yao aliigeuza ndani nje na kuitia alama: mishono michache ya uzi wa rangi, ukandani au kwenye kola, mahali pasipoonekana. Kila mteja na uzi wake. Muuguzi mwekundu, mwalimu mkuu kijani, karani wa ofisi ya ardhi njano. Wateja wenyewe walizijua alama zao. Wakija kuchukua nguo walipindua ukanda kwanza, salamu baadaye. Baba yao hakuwa na haja ya kufikiri. Aliona kitambaa, mkono ukaenda wenyewe kwenye uzi wake. "Mkono wa dobi hausahau," alipenda kujisifu, na ilikuwa kweli.

Mwanangu, watu walimwita Pasi. Alikuwa mtu mzima, ndevu zimejaa, mabega ya baba yake. Chumba chake cha kazi kilikuwa bati juu, jiko la makaa chini, mvuke katikati. Suruali zilimganda mapajani mpaka ngozi ikatoka vipele. Msimu mmoja wa joto akanunua kitambaa kizito, bluu iliyokolea, akakikata mwenyewe juu ya meza ya pasi, akashona sketi iliyopita magoti, yenye mifuko mikubwa pembeni. Akaivaa kazini. Mimi nikacheka. Baba yao hakucheka.

"Ya chumbani yabaki chumbani," alisema.

Joto likaisha, sketi haikuisha. Alianza kuivaa uani. Kisha akaenda nayo bombani. Kisha siku moja akabeba furushi la nguo za wateja, akatoka nayo mlango wa mbele, mchana kweupe, anapiga mluzi.

Aliporudi nilimfuata chumbani kwake.

"Baba, joto si limekwisha?"

"Limekwisha, mama."

"Sasa?"

Akaiweka pasi kando, akafuta jasho kwa kiwiko. "Mwanzo niliivaa kwa ajili ya joto. Siku hizi nikivaa suruali najiona kama nimeazima miguu ya mtu."

"Watu watasema."

"Watu walisema mvuke utaniua kifua. Bado wanasubiri."

Ndivyo alivyokuwa, jibu halikumkauka mdomoni. Njiani palikuwa na kona ya fundi viatu, ambapo wanaume walikaa kutwa nzima wakisubiri viatu ambavyo havikuwa vimeharibika. Nilipita hapo na mwanangu siku moja, yeye mbele, mimi nyuma na mashati.

"Mrembo!" fundi viatu akaita. "Harusi lini?"

"Ukimaliza kiatu cha huyo bwana, fundi. Kimekaa kwako mpaka kimeota mizizi."

Wote wakacheka, hata mwenye kiatu. Lakini mimi nilikuwa nyuma, na aliye nyuma huona. Fundi viatu alicheka kwa meno tu. Macho yake yaliganda kwenye pindo la sketi, na nyundo aliyoiinua hakuishusha mpaka tulipopita.

Basi ikapotea sketi ya karani. Sketi ya ofisini, bluu iliyokolea. Niliikunja mimi, nikaiweka kwenye furushi lake mimi, naye akasema furushi lilifika bila sketi. Dobi hubishana na mteja mara moja. Akibishana mara ya pili ameshampoteza. Tukamtaka radhi kwa kosa tusilolijua. Akaondoka kwa adabu, lakini pale mlangoni alisimama, akamtazama mwanangu kuanzia kiunoni kwenda chini, taratibu, kama anayesoma tangazo.

Kesho yake ndiyo asubuhi ile ya foleni ya maji.

Nilimwomba mwanangu. Sikumwambia aache moja kwa moja, nilimwambia aipumzishe kidogo, maneno yapoe.

"Nikiivua leo, mama, nitakuwa nimekiri kwamba niliiba."

"Na usipoivua?"

Alichukua shati la muuguzi akaanza kola, na mimi nikabaki nasikiliza pasi inavyopumua.

Kitu kilichoniuma zaidi ya uvumi ni ukimya wa ndani. Baba yao alikuwa ameapa: "Maji yangu hayataigusa hiyo nguo." Mwanangu akawa anajifulia pembeni kwenye beseni lake, kama mpangaji. Walisimama bega kwa bega na wakazungumza kupitia kwangu. "Mwambie mwanao makaa yanakwisha." "Mwambie baba nimesikia." Mimi nikawa daraja, na daraja hukanyagwa na pande zote mbili.

Nje nako mambo yalibadilika, polepole, namna ambayo huwezi kumshika mtu. Mwanamke wa genge akawa ananipa chenji kwa kuiweka mezani, si mkononi. Mteja mmoja alikuja kuchukua mashuka yake ambayo hayakuwa yamekauka, akayabeba hivyo hivyo mabichi, yakimchuruzikia miguuni. Pale konani kelele zilikoma. Hakuna aliyeita "mrembo" tena. Nilipita nikatamani wangetukana.

Ndipo siku moja, nikiwa nachochea moto, nikaona baba yao anaitoa sketi ya mwanangu kwenye msumari. Nilidhani anakwenda kuichoma. Nikasimama mlangoni, mwiko mkononi. Akaketi kwenye kigoda, amenipa mgongo, sketi mapajani. Kiwiko kikapanda, kikashuka, kikapanda. Nikajua anakaza kifungo. Kisha akaizamisha kwenye beseni kubwa, katika maji yake mwenyewe, akaifua kama anavyofua nguo za harusi: kwa viganja, bila kuisugua kwenye jiwe. Akaisuuza. Akaianika kamba ya mbele, inayoonekana barabarani.

"Nguo ni nguo," aliniambia alipopita, ingawa sikuwa nimeuliza.

Mwanangu alipotoka akaiona kambani. Akatazama mikono ya baba yake iliyosinyaa kwa maji.

"Asante, baba."

"Ipige pasi vizuri. Usinitie aibu mbele za watu."

Baada ya kipindi chote kile, hayo ndiyo maneno yaliyopita moja kwa moja, bila daraja. Niligeukia moto nikajifanya moshi umeniingia machoni. Hakukuwa na moshi.

Ilipokauka akaipiga pasi mpaka pindo likakata kama kisu, akaivaa, akabeba furushi. Mimi nikafuata na mashati, kama kawaida. Jua lilikuwa limesimama. Pale konani palikuwa na watu wengi kuliko viatu, na katikati yao karani, mkoba kifuani. Sijui aliitwa au alipita. Fundi viatu akatoka kwenye kiti chake, na mimi sikuwahi kumwona amesimama; kumbe alikuwa mrefu.

"Bwana Pasi. Dada hapa anaitafuta nguo yake."

"Namsaidia kuitafuta," mwanangu akasema. "Yangu hii nilikata mwenyewe, nikashona mwenyewe."

"Mwizi gani hasemi hivyo? Tuonyeshe ukanda."

Na mwanangu akacheka. Nakisikia kicheko kile mpaka leo. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyeombwa kitu alicho nacho. Ukanda ule aliushona yeye, alijua kila sindano ilipopita, na nguo isiyo ya mteja haina alama. Aliweka furushi chini. "Dada karani, sogea uangalie mwenyewe, usije ukasimuliwa." Akaupindua ukanda kwa kidole gumba.

Uzi wa njano.

Mishono ile ile, mifupi, iliyolala upande mmoja. Kila mtu aliiona, kwa sababu kila mtu pale alikuwa amepata kupindua ukanda wake mlangoni kwetu.

"Ni alama yangu," karani akasema. Alisema kwa sauti ndogo, karibu kwa huzuni, na ingekuwa heri angepiga kelele.

Mwanangu aliutazama uzi ule kama mtu aliyekuta nyoka kwenye mto wake. Kisha akaniangalia mimi, na nikaona amekwisha kuelewa. Sketi ya bluu iliyokolea, kitambaa kizito: kwa miaka yote, nguo ya namna hiyo kwetu ilikuwa ya mtu mmoja. Mkono ulikwenda wenyewe kwenye uzi wake. Kile hakikuwa kifungo.

Angeweza kusema. Neno lilikuwa pale mdomoni, niliona kidevu kikilianza. Akalimeza.

Nikalisema mimi. "Baba yao ndiye aliyeitia! Kaifua leo kwa mara ya kwanza, mkono umezoea, jamani, mkono tu!"

Fundi viatu akawageukia wenzake. "Mnasikia? Kumbe ni biashara ya ukoo. Mwana anavaa, baba anatia alama, mama anaeleza."

"Si baba," mwanangu akasema upesi. "Baba hajui kitu. Ni mimi."

Ndipo nikafahamu kwa nini alikuwa amenyamaza. Ua wetu haukuwa mbali, na baba yao alikuwa peke yake na mabeseni yake.

Sitayaeleza yaliyofuata yote. Furushi lilipasuka, mashati ya watu yakakanyagwa na wenye mashati. Sketi waliichana kuanzia ukandani. Karani aliziba uso kwa mkoba. Nyundo ya fundi viatu ni ndogo. Haikuhitaji kuwa kubwa. Ilishuka kwenye mkono wa kulia, ule wa pasi, mtu mmoja akiwa ameushikilia juu ya kigogo cha kupigia soli, kwa utulivu, kama anayeshika kiatu.

Baba yao alifika wamekwisha kutawanyika. Aliokota kipande cha ukanda chenye uzi, akakaa nacho pale chini kando ya mwanawe, akijaribu kuufumua kwa kucha. Ulikuwa umekazwa vizuri. Haukufumuka.

Mkono ule wa mwanangu uliunga vibaya. Wateja hawakurudi, nasi hatukuwafuata. Wakati mwingine nilimkuta baba yao ameshika shati lake mwenyewe na sindano iliyotungwa, mkono umefika kwenye kola umesimama, hauendi mbele wala haurudi.

Mwanangu alihamia mji mwingine. Anapokea nguo kwenye duka la dobi la mtu, anapanga mahanga ya kutundikia nguo. Hunipigia simu mchana, wakati wa mapumziko.

"Nimepata sketi nyingine, mama. Ya kijivu."

"Nani kakushonea?"

"Mkono wa kushoto. Imeenda upande kidogo, ila inavalika."

"Unaivaa nje?"

"Naivaa nilipo."

"Huko kuna kona, baba?"

Nikasikia nyuma yake mvuke na watu. "Kila mji una kona, mama."

Karani nilikutana naye mwaka huu, benki, kwenye mstari. Alikuwa mbele yangu. Alivaa sketi ya bluu iliyokolea, kitambaa kizito. Huenda ni mpya. Huenda ni ile ile, ilikaa nyuma ya kabati lake wakati wote. Jibu lilikuwa ndani ya ukanda, karibu nami kiasi cha kunyoosha kidole. Lakini mimi si mtu wa kumpindua mwenzangu ukanda mbele za watu. Akaitwa dirishani, akaenda.

Kwa hiyo wewe mzazi ambaye mwanao wa kiume ametoka asubuhi na sketi, hapo ulipo, popote ulipo:

Usicheke pamoja na anayemcheka, hata kama ni mteja wako mkubwa.

Usiseme "yatapita." Wapo wanaosubiri yapite, na yasipopita huja kuyapitisha wenyewe.

Usishukuru kelele zikikoma barabarani. Siku hiyo ndiyo mfuate karibu zaidi.

Usimtake radhi mtu kwa kosa usilolijua.

Usimfungie ndani. Atatoka, na atatoka peke yake.

Usipeleke maelezo mahali watu wamekwisha kusimama. Peleka mwili wako, ukae katikati.

Usiwe daraja kati ya baba na mwana. Waache wagombane kwa midomo yao, wapatane mapema.

Na akikuaga, usimtazame miguuni. Iko siku utaitafuta akilini sura aliyotoka nayo, na utakuta pindo tu.