Ng'ombe wa Sadaka

Shemeji yangu Abdullahi hatoi sadaka bila mashahidi. Mume wangu alipozikwa, alisimama nje ya msikiti akatangaza kwamba ananiazima ng'ombe mwekundu wa maziwa, ili yatima wa ndugu yake asilale njaa. Wazee wakamwombea dua. Ng'ombe alikuja bila ndama. "Fisi amekula," akasema, na mimi mjane ningemhoji vipi tajiri wa ukoo?

Kwetu maziwa hayachemshwi. Binti yangu Muna aliyanywa yangali na joto la kiwele. Kisha zikaja homa za jioni, kichwa, shingo ikakakamaa, mwisho nikimwita haitiki. Abdullahi, mjuzi wa kila kitu, akasema ni jini, akarudi kwenye chai yake.

Nikampakia Muna kwenye pikipiki hadi hospitali ya Garsen. Daktari alimtoa maji ya uti wa mgongo yakapimwe, kisha akaniita kando. Ni bakteria wa mifugo, akasema, anayeingia kwa maziwa mabichi, na ni nadra apande hadi kwenye ubongo.

"Ng'ombe wenu aliwahi kuharibu mimba?"

"La. Ndama aliliwa na fisi."

Akasema Muna atapona, ila masikio huenda yasirudi. Nililia palepale. Mtoto yule alikuwa amehifadhi juzuu nzima kwa kusikiliza tu.

Ndipo Abdullahi akaja kutuona, kanzu imepigwa pasi, wapambe wawili nyuma, kibuyu mkononi.

"Mama Muna, nimeletea mtoto maziwa ya ng'ombe yake!" Wodi nzima ilimsikia, kama alivyotaka.

Nikamimina kikombeni. "Ahsante, shemeji. Anza wewe."

Akakitazama kikombe. "Mimi hapana. Nimeshiba."

"Funda moja tu."

"Ile daktari ya ng'ombe alinikataza," akanong'ona.

"Lini?"

"Ndama ilipotoka imekufa."

Kwa hiyo alijua. Ng'ombe ambaye yeye alikatazwa maziwa yake, akamtangaza msikitini kuwa sadaka kwa mwanangu! Nilicheka kwa uchungu, nikamwambia arudie kwa sauti ileile ya msikitini, wagonjwa nao wamwombee dua. Mwanaume mzima akainamia viatu vyake.

Muna, ambaye hakusikia hata neno moja, alimtabasamia ami yake, akanyoosha mkono apewe kikombe.