Zamu ya Kengele

Mjukuu wa bibi mshona sare alikuwa na jina zuri la kuzaliwa, lakini mtaa mzima ulimwita Kwanini, naye akaitika. Umri miaka saba, yuko darasa la pili, na hesabu za la nne anazitafuna kama karanga.

Ndiyo maana bibi, aliyepakana ukuta na shule, aliitwa ofisini. Mwalimu mkuu akamwekea karatasi mezani.

"Bibi, huyu la tatu atasinzia tu. Tumrushe. Weka sahihi hapa."

Bibi akavaa miwani, akaisoma neno kwa neno. Hata kitambaa hukipima mara mbili kabla ya kukikata. Kisha akamgeukia mtoto. "Haya, mwenye shule. Unasemaje?"

"La tatu ndio wanaogonga kengele," akasema Kwanini.

Kweli. Rimu kuukuu la lori lililotundikwa nje ya ofisi lilikuwa mikononi mwa darasa la tatu, kila mtoto na wiki yake. Anayeruka darasa ameruka na zamu.

"Kengele tu?" mwalimu akacheka.

"Nataka kujua, ukigonga mara moja, sauti inaishia wapi. Wao wanagonga harakaharaka, moja inaimeza nyingine."

Bibi akamtazama mtoto. Alikaa kiti cha wageni, miguu inaning'inia, soksi moja juu, moja chini. Akairudisha karatasi bila sahihi.

"Mwalimu, la nne halihami. Mpe hesabu zao jioni, asikae bure. Lakini la tatu apite."

"Tutampotezea mwaka, bibi!"

"Nimeisikia kengele hiyo miaka arobaini, na swali hilo halijanijia hata siku moja. Sasa na mimi nataka kujua."

Mwalimu akashusha pumzi, akaifungia karatasi kwenye droo.

Mwaka uliofuata, Jumatatu moja saa nne, bibi alikuwa anapinda sketi kwenye cherehani. Ngaaa! Mara moja. Akaondoa mguu kwenye pedeli, akasubiri ya pili. Haikuja. Ng'ambo ya ukuta, shule nzima ilikuwa kimya, haijui itoke au ikae. Sauti ikapungua, ikawa nyembamba kama uzi, ikawa kama ipo, kama haipo.

"Kwanini!" mwalimu mkuu akaita. "Gonga basi, wenzako wana njaa!"

"Shsh, mwalimu! Bado ipo!"

Bibi akalisogelea dirisha, akatega sikio. Ilikuwepo.