Maneno ya Kapela Kaburini

Kila Jumamosi baada ya Alasiri watu walijaa kwenye kibaraza chetu hapa Kiwalani, wengine wamekuja na vigoda vyao, kumsikiliza mume wangu Faraji akisimulia kesi za mauaji za zamani. Nani aliuawa, wapi, nani alikamatwa, jaji alisemaje. Hakubuni. Alizitoa kwenye magazeti ya zamani na kuzinakili kwenye kaunta buku, na alipofariki alikuwa amejaza kumi na moja.

Nyumba yetu iko chini ya njia ya ndege zinazotua. Majirani huzilaani, lakini Faraji alizitumia. Akifika mahali pa kutisha, "basi akasukuma mlango, na chini ya kitanda akaona," ananyamaza, kidole juu, ndege inapita inanguruma, na watu wote wameshika vifua. Wao walidhani ni bahati. Mimi nilikuwa ndani nachuja tui, nacheka peke yangu, kwa sababu nilimwona akichungulia saa.

Alifariki Januari kwa presha, akiwa ameshawatangazia watu kesi inayofuata: ya Mwinjuma, fundi baiskeli wa Temeke, aliyeuawa mwaka 1959.

Nikakaa eda. Miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba ni mingi kwa mtu asiye na wa kumpikia. Nilisoma kaunta buku zote. Sikuwa natafuta wauaji, nilikuwa natafuta mwandiko wake. Hata haya naandika nisije nikasahau kwamba herufi yake ya "k" ilikuwa na mguu mrefu kama mtu anayeruka dimbwi.

Kesi ya Mwinjuma ilikuwa nusu ukurasa tu. Mwinjuma alikutwa bandani kwake amepigwa nondo kichwani, na baiskeli mpya ya mteja haipo. Siku ya mazishi, hamali mmoja wa bandarini aitwaye Kapela alitamka mbele ya waombolezaji wote, "Mwinjuma nimemuua mimi," kisha akacheka. Inspekta Mzungu alikuwepo pamoja na mkalimani wake. Kapela akakamatwa papo hapo. Chini yake Faraji alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: "Moyo gani huu!"

Wiki mbili kabla sijatoka eda akaja mgeni, bibi mwembamba mwenye mwavuli mweusi.

"Shikamoo, mama," nikamwambia.

"Marahaba, mwanangu. Pole na msiba. Mie Somoe, binti Kapela. Natokea Bunju."

Nikamkaribisha mkekani. Nikamletea chai.

"Nasikia marehemu alitangaza kuisimulia kesi ya baba yangu," akasema. "Nilikuwa nije nimwombe asiisimulie. Nikawa naahirisha, leo kesho, mpaka Mungu akamchukua. Sasa nasikia watu wanakungoja wewe umalizie."

Ni kweli, walikuwa wananingoja. Albano, fundi seremala wa nyumba ya tatu, alishapitisha tangazo: Jumamosi ya kwanza baada ya eda. Hakuniuliza.

"Baba alirudi baada ya miezi mitatu," Bi Somoe akaendelea. "Wengine walisema ametoroka, wengine wakasema amehonga. Tukahamia Bunju, enzi hizo pori tupu. Hakulitaja jambo lile mpaka anakufa. Na mie sikumuuliza, niliogopa jibu. Nimemfulia, nimemuuguza, nimemfumba macho kwa mkono huu. Mpaka leo sijui nilimfumba macho mtu wa namna gani." Akakiweka kikombe chini. "Aliua, au hakuua? Basi, hilo tu. Kama huna jibu, nakuomba ukurasa huo uuchane."

Nikamuuliza anakumbuka nini siku ile.

"Nilikuwa na miaka minane. Nilimwona akipitishwa mtaani na polisi. Nguo yake imejaa mchanga mgongoni kote, na mkononi ameshika kuku mzima, miguu imefungwa. Watoto wakaimba nyuma yake, mwizi wa kuku, mwizi wa kuku. Nikasema moyoni, kumbe ameua na ameiba pia."

Nilikuwa nimeshika birika. Nikaliweka chini polepole, kwa sababu mchanga ule na kuku yule nilikuwa nimeshawaona.

Siku tuliyomzika Faraji, wanaume walirudi kutoka makaburini wakicheka. Sisi wanawake tulikuwa ndani tunalia, na kicheko kile kiliniuma kama sindano. Kisha Albano akasimama mlangoni, shati limejaa mchanga mgongoni kote, kuku kwapani. Sikutaka hata kumtazama. Nilijua yeye ni Mnyamwezi na sisi Wazaramo ni watani wake. Lakini mwanamke wa kwetu haendi kaburini. Anachokifanya mtani huko tunakisikia juu juu, kama habari za nchi nyingine.

Nikatoa kichwa dirishani. "Albano! Hebu njoo."

Akaja dirishani na misumari mdomoni, akaitema alipomwona mgeni. "Shikamoo, bibi."

"Siku ya kumzika mume wangu, ulisema nini kaburini?"

"Shemeji, jamani. Si nilishakuomba radhi?"

"Hujaniomba. Sema."

Akajikuna kichwa. "Nilishuka mle kabla ya jeneza, nikalala. Nikasema hili shimo langu, nimechoka kubeba mizigo ya Wazaramo. Wakanivuta, sitoki. Wakasema mbona unamchelewesha marehemu, nikasema..." Akanitazama kama mtoto aliyevunja sahani. "Nikasema Faraji nimemuua mie. Nilimlisha ugali wa mtama, tumbo la Mzaramo limezoea madafu tu, likapasuka. Na sitoki humu mpaka mnipe kuku. Wakanipa, nikatoka."

Bi Somoe alikuwa amesimama. Sikuona alivyonyanyuka.

"Ulisema umemuua?"

"Ndiyo, bibi."

"Mbele za watu?"

"Sasa nitasemea wapi, chooni? Ni utani, bibi! Ndiyo kazi yetu kwenye msiba wao."

"Na baada ya hapo ukaenda wapi?"

"Nilikwenda kumla kuku."

Bi Somoe akakaa tena. Alisema utani alikuwa akiusikia kwa watu, ila kwao baba yake alipiga marufuku hata neno lenyewe. Kapela alikuwa Mnyamwezi, jambo ambalo kaunta buku haikulitaja, na Mnyamwezi asiyetania, majirani wa Bunju walimwona mtu wa ajabu. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Lakini kuku si ushahidi, mwanangu. Anaweza mtu akatania, na akawa ameua kweli."

Alikuwa na haki. Nikamwahidi nitatafuta.

Siku niliyotoka eda, watu walitegemea niende sokoni au kwa ndugu. Mimi nilipanda gari la mjini, nikaenda maktaba ya magazeti ya zamani. Binti mhudumu, Sekela, alilia kidogo aliposikia Faraji amefariki. Alikuwa akimletea majalada yale mazito kila mwezi.

"Alikuwa anasoma ukurasa wa kwanza tu," akaniambia. "Anasema damu haijifichi, iko mbele."

Nikacheka. Huyo ndiye Faraji. Na mimi, kwa miaka thelathini na mbili ya ndoa, gazeti likiingia nyumbani nilianzia nyuma: vifo, mbuzi waliopotea, mtu anayebadili jina. Alikuwa akinitania kwamba nasoma kama Mwarabu.

"Basi niletee tangu mwezi wa kukamatwa," nikamwambia Sekela, "mie nitaanzia nyuma."

Nilikaa siku tatu. Siku ya tatu, kwenye toleo la miezi mitatu baada ya mazishi, ukurasa wa sita, chini ya tangazo la mbuzi aliyepotea, nikaiona. Ilikuwa fupi kuliko tangazo la mbuzi. Nikaisoma mara moja, nikavua miwani, nikaipangusa, nikaisoma tena. Kisha nikainakili chini ya mwandiko wa Faraji. Niliandika kwa haraka, na "k" zangu zikatoka na miguu mirefu kama zake.

Sikumpigia simu Bi Somoe. Nilitaka asikie mbele ya watu, kwa sababu aibu yake ilitangazwa mbele ya watu. Lakini nilikuwa na safari moja zaidi.

Ukoo wa Mwinjuma, Wazaramo wenzetu, bado upo Temeke, na bado unatengeneza baiskeli. Nilimkuta mjukuu wake, Bakari, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe, anaziba pancha.

"Kapela?" akasema. "Dada yangu, jina hilo kwetu halitajwi."

"Njoo Jumamosi usikie. Usipolipenda, utaondoka."

"Na baiskeli ya huyu nani atamalizia?"

Hakusema atakuja.

Jumamosi hiyo kibaraza kilijaa mpaka barazani kwa jirani. Bi Somoe alikaa mbele kabisa, mwavuli magotini, ameukamata kwa mikono miwili. Nami sijawahi kusema mbele ya watu zaidi ya kuomba chumvi. Nikafungua kaunta buku ya kumi na moja, nikaanza.

"Sauti, shemeji!" Albano akapiga kelele. "Wanaosikia ni kuku peke yao!"

"Na wewe ukinyamaza watasikia na watu," nikamjibu. Watu wakacheka, na kicheko kile kikanifungua koo.

Nikawaeleza Mwinjuma alikuwa nani, jinsi alivyojaribu kila baiskeli kwa kuzunguka msikiti mara moja kabla ya kumpa mwenyewe. Nikaeleza nondo, banda, mazishi. Hapo nikamwona Bakari. Alikuwa amesimama nyuma kabisa, mikono imefungwa kifuani, mafuta ya mnyororo bado vidoleni. Nikasoma maneno ya Kapela kaburini, na kibaraza kikanung'unika. Bi Somoe aliinamisha kichwa.

"Basi kesi ikafika kwa Jaji," nikasema. "Jaji Mzungu, inspekta Mzungu, na pembeni wamekaa wazee wa baraza watatu, wenyeji, wa kumshauri Jaji juu ya desturi. Jaji akawageukia, akawauliza: mnasemaje juu ya mtu huyu? Wale wazee wakasimama, wakamwambia Jaji..."

Ndege ikaja.

Wallahi sikuwa nimetazama saa. Nikajikuta nimeinua kidole. Ikapita juu yetu na mngurumo wake wote, na watu mia hawakupumua, na mimi nikajua kabisa kwamba ndani ya nyumba, palepale nilipokuwa nachujia tui, kuna mtu anacheka peke yake.

Mngurumo ukaisha. Nikasoma ukurasa wa sita neno kwa neno:

"Hamali Kapela ameachiwa. Baiskeli iliyoibwa imekamatwa Morogoro, na aliyekutwa nayo amekiri kumuua fundi Mwinjuma peke yake na kuonyesha nondo alikoificha. Wazee wa baraza wote watatu walimwambia Jaji kwamba maneno ya kaburini ni ya mtani kwa mtani, na kwamba katika mazishi yale, mtani asiyesema hivyo ndiye angestahili kushukiwa."

Bi Somoe hakulia. Alikuwa ananitazama mdomo wazi kidogo, kama mtu aliyeitwa jina lake mahali asipotegemea.

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena.

Nyuma watu wakapisha. Bakari alikuwa anakuja mbele, na uso wake haukuonyesha kitu. Akasimama juu ya Bi Somoe.

"Wewe ndiye binti yake?"

"Ndiye mimi."

"Bibi yangu alikufa analalamika," Bakari akasema kwa sauti, ili wote wasikie. "Alikuwa akisema mazishi ya mume wake hayakwisha, mtani amekamatwa katikati ya kazi. Yeye alijua. Sie wadogo tukaambiwa jina lisitajwe, tukadhani ni kwa sababu ya damu. Kumbe ni aibu yetu, kwamba tulimwacha mtani akachukuliwa na hatukufungua mdomo." Kisha akaweka mikono kiunoni, na sauti ikabadilika. "Na nyie Wanyamwezi! Roho mbaya gani hii? Mmekamatwa mara moja tu, mnasusa miaka sitini na sita? Tumezika watu tisa kimyakimya kama tunaficha magendo! Hamna hata haya, nyie wabeba mizigo?"

Albano akapiga yowe la furaha. Lakini watu wote walikuwa wanamtazama Bi Somoe, mwanamke ambaye hakuwahi kutania wala kutaniwa tangu ana miaka minane.

Akautua mwavuli. Akavua viatu, akavipanga vizuri kando. Halafu, polepole, goti moja kisha jingine, akajilaza chali kwenye mkeka wangu, mikono kifuani.

"Mwinjuma tumemuua sie," akasema akitazama bati. "Alitutengenezea baiskeli mbovu. Na mie sinyanyuki hapa mpaka nipewe kuku."

Sijui nieleze vipi kilichofuata. Wengine walilia kwa kucheka, wengine walicheka kwa kulia. Bakari alimvuta mkono, bibi akajifanya mzito kama gunia la saruji. "Huyu amekula mtama!" Bakari akalia. "Kuku yuko wapi? Jamani kuku, hatutakaa kuzika hapa mpaka Magharibi!"

Nikamtoa jogoo wa Faraji, yule mweupe mwenye kiburi aliyekuwa akiingilia hadithi zake. Albano na wenzake walimkimbiza uani, wakaangusha kamba yangu ya nguo, wakamkamata. Bakari mwenyewe akamfunga miguu na kumkabidhi kwa mikono miwili. Ndipo Bi Somoe akanyanyuka, akajinyoosha mgongo, akasema, "Haya. Sasa mzikeni."

Jua lilikuwa linateremka alipoaga. Nikamletea mfuko wa kumtia jogoo, maana stendi ni mbali na barabara imejaa watu. Akaukataa. Bakari akajitolea kumbebea, akamkatalia naye.

"Baba alipitishwa mtaani na kuku mkononi," akasema, "watu wakamwona."

Akamshika jogoo miguu, mkono mbele kidogo ili aonekane, akaenda zake katikati ya barabara, mchanga na ukindu wa mkeka vimemganda mgongoni kote. Nilitaka kumkimbilia nimpanguse. Albano akanishika mkono.

"Mwache, shemeji," akasema. "Amependeza."