Hatunaye

Alimtambua kwa mgongo. Lori lilikuwa limefungua ubao wake wa nyuma, na watu walikuwa wakiteremka mmoja mmoja huku wakipokezana madumu, mikeka na watoto waliosinzia. Mwanamke mmoja mzee alikataa mkono alionyooshewa, akageuka, akateremka kinyumenyume kama mtu anayeshuka ngazi ya dari. Mkalimani hakuhitaji kuuona uso wake. Mgongo ule, ulioinamia kidogo upande wa kushoto, ndio uliombeba kutoka mji uliokuwa ukiungua hadi ng'ambo ya mpaka, alipokuwa mtoto mwenye homa asiyeweza kusimama. Sura za watu husahaulika. Mahali mtu alipolaza shavu lake hapasahauliki.

Alikuwa shangazi yake, dada wa baba yake, aliyemlea tangu vita vilipomnyang'anya wazazi. Na pale kituoni kila mfanyakazi alijua kwamba shangazi huyo alikwisha kufa.

Uongo huo haukupangwa. Amani iliporudi na mpaka kufunguliwa, kijana alitangulia nyumbani, akamwachia shangazi ahadi kwamba akishapata mahali pa kulaza ubavu angerudi kambini kumchukua. Alipata kazi kwenye shirika la misaada lililopokea wakimbizi wanaorejea, kwa kuwa alijua lugha mbili: ile ya mashambani kwao, ambayo ndiyo waliyoizungumza wengi wa waliorudi, na ile ya mji mkuu, ambayo ndiyo ya wakubwa wote wa kituo. Akapata chumba. Akasubiri apate kitanda. Alipopata kitanda akasubiri mvua ziishe, kisha akasubiri barabara ikauke. Kila alivyochelewa aliona haya kwa kuchelewa, na haya hizo zikamchelewesha zaidi.

Ndipo siku moja, wakinywa chai, muuguzi wa kituo alipomuuliza, "Huyo shangazi unayemsema kila mara, yuko wapi siku hizi?"

"Hatunaye," alijibu.

Alikusudia kusema hayuko hapa. Au ndivyo alivyojiambia baadaye. Muuguzi aliweka kikombe chini, macho yakamjaa maji, akamshika mkono. Ulikuwa umepita muda mrefu tangu mtu amshike mkono. Angeweza kumsahihisha palepale, kwa sentensi moja tu, lakini mkono ule ulikuwa na joto, naye akanyamaza hadi sentensi ikapitwa na wakati. Kutokana na mkono ule ukaota urafiki, na urafiki ukazaa uchumba. Sasa muuguzi alivaa pete, na arusi ilingoja mavuno tu.

Kituo kilikuwa ndani ya kiwanda cha zamani cha kuchambulia pamba. Mashine zilikwisha kung'olewa, zikabaki nguzo, vumbi jeupe kwenye mianya ya kuta, na mabati yaliyolia kila upepo ulipopita. Meza ya muuguzi ilikuwa karibu na mlango. Pale kila aliyefika alipimwa homa, akaangaliwa macho na ulimi, akaulizwa atakwenda wapi. Mwenye jamaa wa kumpokea alifungwa utepe wa buluu mkononi. Mzee asiye na mtu alifungwa mweupe, na kesho yake angepakiwa kwenye basi la kwenda nyumba ya wazee, jimbo la mbali, ng'ambo ya mto.

Mstari ulisogea. Mkalimani alisimama kando ya meza, kichwa chini, akajishughulisha na kifungo cha shati ambacho hakikuwa na kasoro. Kisha akasikia sauti.

"Kimbaumbau," shangazi alisema kwa lugha ya kwao. "Nilijua tu watu hawa hawatakunenepesha."

Aliinua macho. Uso wa mzee ulikuwa umefunguka wote. Alikuwa amekonda, amevaa viatu viwili visivyofanana, vumbi la safari limemkalia hadi kwenye kope, lakini alitabasamu kama mtu aliyefika kwake.

"Anasemaje?" muuguzi aliuliza.

"Anasema safari imemchosha."

"Mpe pole. Muulize kama ana jamaa wa kumpokea."

Aliuliza, kwa sauti ya kazi, sauti aliyoitumia kwa wote. Shangazi akacheka kidogo, akidhani ni mzaha.

"Swali gani hilo? Waambie ninaye. Waambie yuko mbele yangu, amevaa shati la kola, na amesahau hata kumsalimia mkubwa wake."

Muuguzi alikuwa akingoja. Bila kuwazia lolote, alikuwa ameegemeza kiwiko chake kwenye mkono wa mchumba wake, kama alivyozoea. Mkalimani alikiona kiwiko kile, akaiona na pete.

"Anasema hana mtu," alisema.

Alipomgeukia tena shangazi, tabasamu lilikuwa bado lipo, ila halikuwa na mwenyewe. Mzee alimtazama muuguzi, akakitazama kiwiko kilipoegemea, akanyoosha mkono wake ufungwe. Utepe ulikuwa mweupe.

"Ahsante, baba," alimwambia mkalimani. "Mungu akuweke."

Katika maisha yake yote hakuwahi kumwita baba. Kijana alilimeza neno lile kama mtu anayemeza mwiba, akajifariji kwamba mzee haijui lugha ya mji mkuu, kwa hiyo hakusikia kitu. Mchana angemwendea faraghani, amweleze, abuni njia. Akaita, "Anayefuata."

Mchana alipita nje ya banda la wazee, akakumbuka kazi nyingine. Akapita tena, akakutana na dereva, wakaongea habari za matairi kwa urefu ambao hata dereva ulimshangaza. Jua lilipoanza kulegea, alichukua blanketi ghalani, ili mikono yake iwe na sababu, akaenda.

Alikuwa bado hajainua turubai la mlangoni aliposikia kicheko cha muuguzi. Kisha akasikia sauti ya shangazi. Ilizungumza lugha ya mji mkuu: polepole, kwa lafudhi ya sokoni, lakini bila kujikwaa.

"Kambini nimeuza nyanya kwa watu wa kila namna, mwanangu. Ukikataa kujifunza lugha, nyanya zitakuozea."

"Sasa mbona asubuhi uliniacha nizunguke na mkalimani, na kumbe unanisikia?"

Upepo ukatikisa mabati.

"Mtu akitoka mbali hutamani kusikia lugha ya kwao," shangazi alisema. "Na kijana yule anaizungumza vizuri. Aliyemfunza alimfunza."

"Ni shangazi yake. Alimlea yeye peke yake, kisha akafariki hukohuko kambini. Mpaka leo hapendi kumzungumzia."

Mkalimani alikuwa amelikumbatia blanketi kifuani. Alingoja neno lile, ni mimi, lianguke. Alitamani lianguke, limponde, yaishe.

"Masikini," shangazi alisema. "Basi Mungu amrehemu huyo shangazi."

"Amina," akaitikia muuguzi.

Aliondoka pale kwa kunyata, kama mwizi aliyekuta mwenye nyumba yuko macho na amemfungulia mlango wa kutokea. Joto lilimpanda shingoni, likamfika masikioni. Alikuwa ametafsiri maneno ya maelfu ya watu waliopoteza kila kitu, akijiona kwamba yeye ndiye anayewapa sauti. Na mtu wake wa pekee alikuwa na sauti yake mwenyewe, akaitumia kumsitiri. Laiti angemtukana. Tusi lina mwisho. Mtu hulipokea, hulijibu au hulinyamazia, likapita. Sitara ile aliyofunikwa nayo haikuwa na upande wa kutokea.

Asubuhi basi lilikuwa limeegeshwa mbele ya kiwanda, injini inaunguruma. Wazee wenye tepe nyeupe walikuwa wakipandishwa, na muuguzi alisimama mlangoni akiwashika viwiko. Shangazi alikuwa nyuma ya wenzake, kitita chake kidogo kichwani.

"Huyu hasafiri," mkalimani alisema.

Muuguzi aligeuka. "Ana homa?"

"Hapana. Ana jamaa."

"Lakini jana ulisema..."

"Nilisema mimi. Yeye hakusema hivyo." Ulimi wake, uliozoea kukimbia kati ya lugha mbili, ulikuwa mzito kwa zote. "Jamaa yake ni mimi. Ni shangazi yangu."

"Shangazi yako yupi?"

"Ni huyohuyo. Sina mwingine."

Muuguzi alimtazama yeye, akamtazama mzee, akarudi kwake. Hakupaza sauti.

"Yule niliyemlilia?"

Alitikisa kichwa kukubali. Waliokuwa wamekwisha kukaa ndani ya basi walichungulia madirishani. Dereva akazima injini.

"Mama wa watu amejiombea rehema mbele yangu," muuguzi alisema taratibu, "nami nikaitikia amina." Alitoa mkasi mfukoni mwa koti lake. Akaukata utepe mweupe. "Mimi na wewe tutazungumza. Si leo."

Kisha akampa mgongo, akamwinamia shangazi.

"Mama, si lazima uende naye. Kule wanakungoja, na watu wake ni wema. Sema unavyotaka wewe."

Shangazi alilitazama basi. Kulikuwa na kiti kitupu dirishani, upande wa kivuli.

"Kule kuna kitanda?" aliuliza.

"Kipo."

"Na kwake?"

"Unaulizwa," muuguzi alimwambia mkalimani, bila kugeuka.

"Kipo kimoja. Mimi nitalala chini."

Mzee alifikiri. Alikishusha kitita kichwani, akakipachika kwapani.

"Nitakwenda nikakione," alisema. "Pasiponifaa, nitarudi hapa kungoja basi jingine."

Chumba kilikuwa mwendo mfupi kutoka kituoni, katika nyumba yenye ua ambao wapangaji waliutumia pamoja. Njiani kijana aliomba kubeba kitita. Shangazi akasema si kizito. Walipofika alikaa ncha ya kiti, magoti yamebanana, kama mgeni aliyekuja kuulizia kazi. Aliomba maji ya kunywa, kama hayana shida. Alipomaliza aliuliza pa kuoshea kikombe. Huyu ndiye mwanamke aliyekuwa akimkaripia mpaka kambi nzima ikajua kwamba hakuoga. Kijana alikaa chini, kwenye sakafu ya saruji, akatafuta maneno kwa lugha ya kwao.

"Shangazi, nilikukosea."

"Nimesikia," alisema. Hakusema amesamehe, wala hakusema hajasamehe. Alitazama kitanda, akabonyeza godoro kwa kiganja. "Ni gumu kidogo. Ndivyo vizuri kwa mgongo."

Kisha akaomba kutoka nje, apate upepo.

Kijana alibaki akitandika shuka safi. Mikono yake ilikosea ncha za shuka, akaanza upya. Kupitia dirishani alisikia jirani, fundi cherehani aliyejua habari za ua wote kabla hazijatokea, akiisimamisha cherehani yake.

"Karibu, mama. Umetoka na wale waliokuja jana?"

"Nimetoka nao."

"Pole na safari. Na huyu kijana wetu ni nani wako?"

Mkono ulisimama juu ya shuka.

"Ngoja atoke," shangazi alisema, "akwambie mwenyewe."

Akatoka. Jua lilimpiga machoni, akasimama kizingitini. Jirani aliinua uso wake wenye udadisi na uchangamfu. Shangazi naye alikuwa amegeuka pale benchini, akimtazama kwa makini ya mtu asiyelijua jibu.